Ukikosa maneno ya kuomba, usiondoke

Leo nataka niongee na yule mtu ameokoka, anaenda kanisa kila Jumapili, labda hata anaimba kwaya, lakini usiku akipiga magoti hakuna kitu kinatoka. Unasema Baba asante kwa siku ya leo, alafu unanyamaza, alafu mawazo yanaanza kukimbia kwa ada ya watoto na deni la duka, na baada ya dakika kidogo usingizi umekukuta hapo hapo kwa magoti. Tafadhali usijihukumu na usiseme Mungu amekuacha. Hiyo hali Biblia inaijua kabisa.

Fungua Warumi 8:26. Imeandikwa: "Kadhalika Roho naye hutusaidia udhaifu wetu, kwa maana hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa." Huyo ni Paulo anaongea, mtume aliyepanda makanisa na kuomba akiwa gerezani, na bado anajihesabu pamoja na sisi tusiojua kuomba. Alafu teremka mpaka mstari wa 34 utaona Kristo naye yuko mkono wa kuume wa Mungu anatuombea. Kwa hiyo wewe ukiwa umenyamaza hapo kwa kitanda chako, Roho anakuombea akiwa ndani yako na Mwana anakuombea huko juu, sasa nani alikuambia maombi yako yamekufa?

Mi naona sisi tumezoea sana hii heshima ya kuongea na Mungu moja kwa moja mpaka hatuioni tena. Hapa Uganda ukitaka kumuona mkubwa yeyote kwa ofisi yake Kampala lazima umjue mtu anayemjua mtu, unakaa kwa benchi toka asubuhi, sekretari anakuambia bosi ako kwa mkutano, unarudi Tororo na barua yako mkononi. Na zamani za hekalu pia ilikuwa hivo hivo, hata zaidi, Patakatifu pa Patakatifu, chumba cha ndani kabisa nyuma ya pazia, aliingia kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka, na damu mkononi. Yesu alipokufa lile pazia likapasuka toka juu mpaka chini. Ndio maana Waebrania 4:16 inasema tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, mama wa soko anaingia, mtu wa boda anaingia, mtoto wa darasa la tatu anaingia, na wote wanasikizwa.

Hiki kitu nilikielewa vizuri wakati mama yangu alikuwa amelazwa. Wenye wameuguza watu wanajua, wewe ndio unapika, unafua, unakimbia kutafuta dawa nje, usiku unatandika mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa. Mimi ni mtu wa maombi, watu wananiita niwaombee, lakini usiku ule kwa wodi sikuweza kutoa sentensi moja kamili. Nilikuwa nasema tu Yesu, mama. Yesu, mama. Basi. Na katikati ya hiyo kitu nilisikia amani ambayo siwezi kuieleza, nikajua kuna mtu anaomba ndani yangu maana mimi nilikuwa nimeshamaliza nguvu zote. Mama alitoka hospitali akitembea, sukari bado anayo mpaka leo na tunaendelea kuomba.

Sasa nikuambie mimi nafanya nini siku zikiwa kavu. Kwanza naomba msaada wa kuomba, kabla ya kitu kingine chochote. Wanafunzi walimwambia Yesu Bwana tufundishe kusali, hiyo ni Luka 11, na sura hiyo hiyo inasema Baba anawapa Roho Mtakatifu wale wanaomwomba. Alafu nachukua Zaburi na nasoma kwa sauti, si kwa macho tu. Zaburi ya 13 inaanza na mtu anauliza Ee Bwana, hata lini, na ya 88 inaisha gizani kabisa hakuna hata haleluya mwishoni, na Mungu aliiacha ikae ndani ya kitabu chake. Mimi hiyo ya 88 imenisaidia kuliko mahubiri mengi.

Na omba na lugha unayolia nayo. Sisi huku tunachanganya, kanisani Luganda, sokoni Kiswahili, nyumbani Kisamia ama Dhopadhola, usijibane ati lazima maombi yawe na lugha ya pasta.

Kuhusu sauti, mi sina shida na kesha, naenda na nalia na kupiga kelele kama wengine. Lakini usipimie Roho kwa kelele. Yule mama anaitwa Hana kwenye 1 Samweli 1, midomo yake tu ndio ilikuwa inatikisika, kuhani Eli akafikiri amelewa, na hayo ndio maombi yaliyomleta mtoto wake Samweli. Hata hapa kwetu, 1977 serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku madhehebu mengi, mwaka huo huo askofu mkuu wa Anglikana Janani Luwum aliuawa, na waumini wengi walibaki kuomba ndani ya nyumba kwa sauti ya chini jirani asisikie. Mungu aliwasikia. Wengi wa hao ndio walibaki wakatulea sisi kwenye imani.

Kitu kimoja kinaniumiza sana nacho ni hii tabia ya kuuziwa maombi, tuma hela kwa mobile money ndio jina lako lipelekwe madhabahuni. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, hakuna bei pale. Mwenye hana pesa akisikia hivo anafikiri Mungu hayuko upande wake, na mimi nasema hapana, mlango ulifunguliwa kwa damu ya Yesu, hakuna mtu ana ruhusa ya kukaa pale akate tiketi.

Na kama wiki hii uko chini kabisa, tafuta mtu mmoja wa felowshipu unayemwamini umwambie niombee, mimi nimeshindwa. Huna lazima ya kueleza kila kitu. Mkikutana someni Baba Yetu polepole, kila mstari mnasimama kidogo, na penye machozi yatakuja muache yaje. Simu ziwekeni mbali.