Maswali ya wasomaji: Mdahalo wa rangi usigeuke ugomvi

SWALI: Mhariri, salaam. Ninafundisha kidato cha sita. Tulifanya mdahalo wenye mada "Wahindi waliinyonya Tanganyika". Haikupita robo saa yakaanza matusi, ukafungwa. Nasikia Wamarekani wawili, mwandishi mweusi James Baldwin na mwandishi mhafidhina William F. Buckley, walijadili rangi mwaka 1965 na ukumbi ukatulia. Tulikosea wapi?
Mwalimu, Moshi

JIBU: Mwalimu, kosa liko kwenye mada. Mada yenu ilipandisha watu kizimbani, na mwanafunzi mwenye asili ya Asia akajikuta mshtakiwa kabla hajafungua kinywa. Mada ya Baldwin na Buckley, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, tarehe 18 Februari 1965, ilishtaki ahadi: kwamba ndoto ya Marekani imepatikana kwa gharama ya Mmarekani mweusi.

Tazama Baldwin alivyoijenga hoja. Alimleta mtoto mdogo anayegundua kuwa bendera aliyoiapia utii yeye haijamwapia. Kisha akataja kazi yenyewe: pamba iliyochumwa na kupelekwa sokoni, reli zilizojengwa kwa mjeledi bila ujira. Akasema "mimi" ndiye niliyeifanya, ingawa ni kazi ya mababu zake. Buckley alikuwa msemaji hodari, lakini alitumia muda mwingi kumpima Baldwin mwenyewe. Kura zilikuwa 544 za upande wa Baldwin kwa 164 za upande wa Buckley. Hizo ni za mwisho wa mdahalo, hazionyeshi nani alibadili mawazo. Ninyi pigeni kura mbili za siri, mwanzoni na mwishoni. Atakayewavuta wengi upande wake ndiye mshindi.

Kwa Moshi tunapendekeza mada hii: "Sheria ya majengo ya 1971 ilivunja ahadi ya Azimio la Arusha." Azimio hilo la 1967 lilitangaza ujamaa na usawa wa watu wote, hivyo mada ina nyama pande zote. Sheria ile ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na jengo lililozidi umri wa miaka 10 halikulipwa fidia. Maandishi yake hayakutaja rangi, ila wengi waliopoteza nyumba walikuwa wenye asili ya Asia. Je, tuipime sheria kwa maneno yake au kwa waliolipa? Kabla ya mdahalo, wapelekeni wanafunzi katikati ya mji watazame maghorofa ya zamani, wakague kama mwaka wa ujenzi umechongwa juu ya mlango au ukutani. Mwaka huo ndio uliopanga fidia, na mwanafunzi aliyeuona kwa macho hatahitaji kupayuka.

Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha. Wasemaji wawili kila upande: wa kwanza dakika 8, wa pili 5. Wachangiaji 12, dakika 2 kila mmoja. Majumuisho dakika 3 kila upande. Kura zote mbili zitakula kama dakika 10, na zinazobaki ni za mwalimu. Msigawe pande kwa asili ya mwanafunzi, kila mmoja aokote karatasi ya kumpangia upande.

Mwenyekiti awe mkali kwa neno moja: "ninyi". Mtu akisema "ninyi Wahindi" au "ninyi Waswahili", asimamishwe papo hapo, aambiwe arudie sentensi kwa kutaja nani, lini, kwa sheria ipi. Akishindwa, akae. Hapo ndipo midahalo mingi ya rangi inapochomoka reli, wala si kwa sababu vijana wana chuki.

SWALI: Je, hapa kwetu viongozi waliwahi kubishana hivi hadharani?
Msomaji, Kaloleni, Arusha

JIBU: Ndiyo, na kwa ukali. Oktoba 1961, katika mjadala wa muswada wa uraia, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alisimamia uraia wa utii kwa nchi, akawafananisha wapima rangi na wafuasi wa Hitler, na akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu. Muswada ukapita. Hata baada ya Azimio, tarehe 14 Februari 1967, aliandika gazetini kuonya kwamba ujamaa haugawi watu kwa rangi. Azimio lilikuwa na siku 9 tu.