Swali la Lugha: (<= a b c) isomwe vipi kwa Kiswahili?

Swali: Nafundisha vijana kuandika programu kwa Common Lisp. Alama hutangulia, namba zikafuata: (< 3 5). Wanafunzi wanasoma "ndogo kuliko tatu tano", na haieleweki. Tena kuna =, eq, eql na equal, na zote tunaziita "sawa". Tuzisome vipi?

Jibu: Acheni "kuliko" katika alama hizi. Neno hilo hukaa katikati ya vitu viwili; ukilitanguliza, halina cha kulinganisha. Isitoshe, Lisp haikomei kwenye namba mbili: (< 1 5 9) ni halali na hutoa T, yaani "kweli" ("si kweli" ni NIL). Tumieni kitenzi, na mbele yake muweke "Je", kwa kuwa opereta hizi huuliza, haziamuru.

(< 1 5 9) ni "Je, zinapanda: 1, 5, 9?" Alama ya > ni "Je, zinashuka?" Kwa <= kanusheni: "Je, hazishuki?" Ndiyo maana (<= 1 5 5 9) hutoa T; kutoka 5 hadi 5 hakuna kupanda, lakini hakuna kushuka pia. Na >= ni "Je, hazipandi?" Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa sababu anayekubali swali la kukanusha hujibu "ndiyo": Hazishuki? Ndiyo, hazishuki. Kwa hiyo T hubaki "ndiyo" na NIL hubaki "hapana" kote.

Zikiwa mbili tu, kosa linaloharibu programu ni "zaidi ya". "Zaidi ya miaka 18" ni (> umri 18), na mwenye miaka 18 kamili anaachwa nje. Katiba ya Tanzania, ibara ya 5, inampa haki ya kupiga kura raia "aliyetimiza" miaka kumi na minane. Kutimiza ni (>= umri 18): "umri haupungui 18". Kinyume chake, <= ni "hauzidi". "Hadi" liepukeni katika maelezo ya programu, maana wako wanaohesabu namba ya mwisho na wako wasioihesabu.

Alama ya /= inahitaji uangalifu. (/= 1 2 1) hutoa NIL. Mwanafunzi aliyeisoma "si zote zilizo sawa" atatarajia T, naye atadhani kompyuta imekosea. Maana yake ni "hakuna mbili zilizo sawa", na hapo 1 imejirudia. "Si zote zilizo sawa" huandikwa (not (= 1 2 1)), nayo hutoa T.

Sasa "sawa". Chukua vipande viwili vya doti moja ya kanga: rangi ni zilezile, jina ni lilelile, lakini ukichana kimoja cha pili kinabaki kizima. Vinafanana, si kipande kilekile. (equal (list 1 2) (list 1 2)) hutoa T kwa sababu yaliyomo yanafanana. Weka eq mahali pa equal, utapata NIL: kila list hutengeneza orodha mpya katika kumbukumbu. Basi eq ni "ni kilekile?" na equal ni "vinafanana?"

Alama ya = ni ya namba tu: "zina thamani sawa?" Ukiipa maneno, (= "Lamu" "Lamu"), utapata hitilafu. (= 1 1.0) hutoa T, lakini (eql 1 1.0) hutoa NIL, kwani kwa namba eql hudai aina moja na thamani moja, kwa vitu vingine karibu vyote hufanya kazi ya eq. Msilinganishe namba kwa eq: kanuni za lugha hiyo hazihakikishi hata (eq 3 3).

Kisarufi, "sawa" halibadiliki, ila "kilekile" hufuata ngeli na huandikwa neno moja: orodha ileile, jina lilelile, mtumiaji yuleyule.