Kabla hujalaumu kimeng'enya, angalia kwanza wanga wako

Wadau wa maabara, hili naliona kila mara, amilesi (kimeng'enya kinachovunja wanga) ikigoma kidogo tu mtu anakimbilia kuagiza chupa mpya, wakati mara nyingi kimeng'enya kiko fiti kabisa na shida iko kwenye wanga wenyewe.

Lebo ikisema "wanga" haijakwambia kitu bado. Mle ndani kuna amilozi, mnyororo mrefu wa glukozi zilizoungana kwa viungo vya alfa-1,4, halafu kuna amilopektini yenye matawi yaliyoshikwa kwa viungo vya alfa-1,6, na kwenye wanga wa kawaida hiyo amilopektini ndiyo kama robo tatu. Sasa weka beta-amilesi hapo: inaanzia mwisho wa mnyororo, inatoa maltozi (sukari ya glukozi mbili) moja moja, ikikaribia tawi inasimama. Grafu ya sukari inayotoka inalala, unasema imekufa, kumbe imefika mwisho wa uwezo wake. Ongeza pululanesi, kimeng'enya kinachokata matawi, uone kama grafu haijaamka. Na hapo usiweke isoamilesi, mkata matawi mwingine, ukidhani ni kitu kilekile, maana visiki vya matawi vinavyobaki ni vifupi mno, glukozi mbili tatu tu, na isoamilesi haivimudu vizuri.

Mimi kabla ya yote napima na iodini, tone moja tu kwenye wanga uliopoa. Bluu nzito ni amilozi, zambarau yenye wekundu ni amilopektini, kahawia nyekundu ni glaikojeni, yaani wanga wa wanyama. Nasema uliopoa kwa sababu wanga wa moto hautoi rangi hata uwe mwingi vipi, na kuna watu wanaandika "wanga umeisha" kwa sababu hiyo tu, inaniuma sana.

Amilozi safi nayo ni sumbufu kwenye maji. Ilowanishe kwa ethanoli kidogo, iyeyushe na sodiamu haidroksaidi ya 1 M, kisha rudisha pH ndio ulete kimeng'enya. Tafadhali usiilaze kwenye friji! Minyororo inajipanga upya inashikana, inakuwa ukungu mweupe, na amilesi haipati pa kushika, bora utengeneze ya siku hiyohiyo.

Bafa, ule mchanganyiko unaotuliza pH, nayo ikague. Alfa-amilesi inategemea kalsiamu, ukiweka EDTA (kemikali inayonasa metali) unaipokonya, na ile ya mate au ya kongosho inataka kloraidi pia, kwa hiyo chumvi kidogo kwenye bafa ni ya lazima.

Halafu kontroli, yaani tyubu za kulinganishia, jamani. Ukipima kwa DNS (kemikali inayobadilika rangi ikikutana na sukari) kwenye mwanga wa nm 540 unasoma sukari yoyote inayopunguza, yaani inayotoa elektroni kwa kemikali nyingine, haikuulizi imetoka wapi, na unga wa kimeng'enya mara nyingine unachanganywa na laktozi ili ujae, nayo ni sukari ya aina hiyohiyo. Kwa hiyo weka tyubu yenye wanga bila kimeng'enya, na nyingine yenye kimeng'enya bila wanga, na hiyo ya pili ndiyo wengi wanairuka.