Kuzitambua nyota za Kilimia: anza na mwendo

Mara ya kwanza nilipojaribu kuorodhesha nyota za Kilimia, nilichora duara la nyuzi 2 kulizunguka fungunyota hilo, nikapakua kila nyota iliyomo kwenye data za Gaia, chombo cha angani kilichopima mahali na mwendo wa nyota, nikaamini kazi imekwisha. Mchoro wa rangi na mwangaza ukatoka kama mchele uliomwagika sakafuni. Nyota nyingi nilizozoa ziko mbali sana nyuma ya Kilimia. Kwetu zinaonekana tu upande uleule wa anga.

Ndugu yangu unayeanza, anza na mwendo. Nyota za fungunyota changa zilizaliwa katika wingu moja la gesi na bado zinasafiri pamoja. Za Kilimia husogea takriban milisekunde 20 za tao (kipimo kidogo sana cha pembe) kwa mwaka kuelekea mashariki, na 45 kuelekea kusini. Weka miendo ya nyota zako zote kwenye mchoro mmoja. Za nyuma zitasongamana karibu na sifuri, na Kilimia kitajitenga pembeni kama kisiwa. Siku nilipokiona kisiwa hicho niliketi nikikitazama muda mrefu. Ni Kilimia kilekile ambacho wazee walikitazama kujua majira ya kulima, na jina lake limetoka huko. Natumia TOPCAT, ambayo ni programu ya bure, na kompyuta ya kawaida inaimudu.

Kisha angalia paralaksi, yaani jinsi nyota inavyoonekana kuhama kidogo Dunia inapolizunguka Jua. Ya Kilimia ni kama milisekunde 7.4 za tao, yaani umbali wa miakanuru 440 hivi. Usiweke mpaka mmoja kwa nyota zote, maana kadiri nyota inavyofifia ndivyo kipimo chake kinavyoyumba. Ipe kila moja nafasi kulingana na kosa la kipimo chake yenyewe.

Kosa langu lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Nilisoma kwamba nyota yenye RUWE inayozidi 1.4 haina vipimo vya kuaminika, nikazifuta zote. RUWE ni namba inayoonyesha jinsi vipimo vya Gaia vinavyotofautiana na mwendo wa nyota iliyo peke yake, na nyota pacha, yaani mbili zinazozungukana, huyumbishana, kwa hiyo namba hupanda. Nilikuwa nimewafukuza wenyeji halali! Sasa naziweka kwenye faili la pembeni, nazikagua moja moja. Kwenye mchoro wa rangi na mwangaza, pacha wawili wanaolingana hukaa juu ya mstari wa wenzao kwa takriban magnitudo 0.75 (kipimo cha mwangaza), na hapo utawatambua.

Zinazobaki na shaka, tafuta spektra (mwanga wa nyota uliotawanywa kwa rangi zake) zilizokwisha kuchapishwa. Kasi ya kutuacha iwe karibu kilomita 5 au 6 kwa sekunde. Na kwa kuwa Kilimia kina umri wa miaka milioni 100 na ushee tu, nyota zake nyingi za rangi ya machungwa bado zina lithiamu ambayo nyota kongwe za aina hiyo zilishaiunguza. Nyota ikiwa na mwendo wa Kilimia, paralaksi yake na lithiamu pia, mimi huiandika kwenye orodha bila kusita.