Usimpe Aliyeshindwa Upawa wa Nyama

Nilipokuwa kidato cha tano, shule ya bweni, nilichaguliwa kiranja mkuu. Kura zilipigwa bwaloni, nikampita mwenzangu kidogo tu, naye akanuna wiki nzima. Mimi si mtu wa ugomvi. Nikamwomba mwalimu wa zamu ampe ukiranja wa chakula, roho yake itulie. Nikalala nikijisifu kwa busara.

Kabla muhula haujaisha, nilikuwa nikigonga kengele ya usafi wanatoka watu kumi.

Miaka baadaye ndipo nikasoma Lord of the Flies, riwaya ya William Golding ya mwaka 1954. Wavulana wa Kiingereza wamedondoka na ndege kisiwani wakati wa vita, hakuna mtu mzima. Wanapiga kura, Ralph anashinda, hasa kwa kuwa ndiye aliyelipuliza lile kombe la baharini lililowakusanya. Jack, kiongozi wa kwaya, alidhani cheo ni chake (moja ya sifa zake ni kwamba anaimba sauti ya juu!). Ralph anamwona uso umemwiva kwa fedheha, anamhurumia: kwaya ibaki yako. Jack anajibu kwamba watakuwa wawindaji.

Hapo nilikifunga kitabu kwanza. Ni mimi kabisa.

Wengi husema riwaya hii inaonyesha kwamba mtoto akiachwa peke yake anageuka mnyama. Golding alikuwa mwalimu na alipigana vita katika jeshi la majini, huenda alikuwa na sababu zake za kuwaza hivyo. Mimi naisoma kama habari ya mgawanyo wa kazi. Ralph alibaki na moto wa ishara na vibanda, kazi ambazo faida yake ni kesho. Jack akapata nyama, na nyama ni leo. Siku meli inapita, moto umezimika kwa sababu waliotakiwa kuulinda wamechukuliwa kwenda kuwinda. Ralph anafoka, ana haki ya kufoka. Kisha nguruwe anachomwa, anataka kukataa, njaa inamshinda, anakula.

Na mimi nilikula. Jumamosi ilikuwa siku ya nyama, na rafiki za yule bwana walipata vipande vitatu, waliokuja kwenye usafi wangu wakapata mchuzi. Nililalamika kwake jikoni. Akanijazia sahani bila neno. Nikaketi nikala, watu wananitazama. Tangu siku ile sikuwa na la kumwambia mtu yeyote kuhusu haki.

Baadaye Jack anadai Ralph aondolewe. Hakuna anayenyoosha mkono. Anaondoka analia. Haupiti muda, wakubwa wengi wanamfuata mmoja mmoja, kimyakimya. Kwa hiyo ukishinda kura usidhani umemaliza. Angalia sahani zinajazwa na nani.

Jambo la pili ni Piggy, yaani Kinguruwe, mvulana mwingine wa kisiwani. Miwani yake ndiyo inayowasha moto, akili yake ndiyo inayomsaidia Ralph kufikiri, na alimwomba Ralph asilitangaze jina hilo la kumdhihaki. Ralph akalitangaza, kicheko kikapasuka. Nami nilikuwa na kijana mpole aliyenipangia ratiba zote; wenzetu walimwita jina baya, nami nikicheka nao ili nionekane wa kwao. Alipoacha kunisaidia sikushangaa. Ukiwa na mtu wa namna hiyo, mtetee mbele ya watu. Ukimwomba radhi pembeni baadaye, waliocheka hawakusikii.

Kuna kisa cha kweli pia. Mwaka 1965 vijana sita wa Tonga, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, walikwama kwenye kisiwa kitupu cha 'Ata, wakaokolewa mwaka 1966, wote hai. Walifanya kazi wawili wawili kwa zamu, na moto wao haukuzimika. Wakigombana, kila mmoja alikwenda upande wake mpaka hasira ishuke. Neno langu hapo ni zamu. Nasi shuleni tulipochoka, tuliomba kila bweni ligawe chakula wiki yake, na manung'uniko yakapungua, ingawa mimi nilikuwa nimeshachuja.

Sasa niko kwenye kikundi cha kuweka akiba mtaani. Mwaka huu mama mmoja aliyekosa uenyekiti aliomba ashike sanduku. Sanduku lina kufuli tatu. Tukampa ufunguo mmoja.