Kabla ya Manyoya: Ndege Wako Anapumulia Wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za ndege: kasuku, bundi, tai, hata korongo mwenye taji. Nimefurahi, maana ndege wa katuni ni kazi nzuri kwa anayeanza kutengeneza kichwa cha fasuti, yaani vazi la manyoya bandia la kujigeuza mnyama wa katuni. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi mmeuliza habari za manyoya, na ni mmoja tu aliyeuliza habari za hewa. Yeye nitamjibu kwa kirefu.

SWALI: Fundi, salaam. Nataka kutengeneza kichwa cha kasuku, ndiyo mara yangu ya kwanza. Ninunue kitambaa cha manyoya bandia mita ngapi?

JIBU: Usinunue hata robo mita. Swali hili haliishi na jibu langu halibadiliki: umbo kwanza. Chukua kofia ya baridi ile inayofunika uso, gundisha juu yake sponji ya makochi yenye unene wa sentimita 2.5, ujenge fuvu, paji na mashavu, ukipunguza kwa mkasi kidogo kidogo. Kisha kiweke kichwa juu ya kabati, rudi nyuma hatua kadhaa, ukitazame kikiwa sponji tupu. Kama mtu akipita hamtambui kasuku hapo, manyoya hayatamwonyesha. Manyoya hunenepesha kila kitu, kosa likiwemo.

Umbo likikubali, lizungushie nailoni ya kufungia chakula, na juu yake selotepu. Chora mistari ya mishono, weka namba kila kipande, na mishale ya kuonyesha manyoya yanalalia wapi. Kwa ndege ni kutoka mdomoni kwenda kisogoni. Kata, tandaza vipande mezani, ndipo upime. Kitambaa cha mita moja chenye upana wa mita moja na nusu mara nyingi hutosha kichwa kizima. Na chukua manyoya mafupi, au flisi, kile kitambaa laini cha majaketi. Marefu yatakupa mbwa aliyebandikwa mdomo wa ndege.

SWALI: Mdomo wa tai wangu nataka uwe mgumu na mkubwa. Nitumie plasta au udongo?

JIBU: Chochote kati ya hivyo kitakuvunja shingo. Uzito wote wa mdomo uko mbele, na kila sentimita unayoongeza inavuta kichwa chini. Baada ya nusu saa utakuwa unakishikilia kwa mkono. Tumia sponji ngumu nyepesi, ya aina ile ya ndala, yenye unene wa milimita 5 hivi. Mdomo wa juu ni vipande vitatu: mbavu mbili na utepe mmoja wa kupita mgongoni. Vipashe moto kwa mashine ya hewa ya moto hadi vilegee, vikunje juu ya chupa, shikilia mpaka vipoe, mkunjo hautarudi. Gundisha, kisha vika flisi ya njano ukiivuta vizuri, mshono ufiche chini.

Sasa sikiliza, maana hili hukuliuliza. Mdomo uache wazi, upana wa vidole vitatu, na ndani uweke wavu mweusi. Hapo ndipo utakapopumulia, na ndipo utakapoona ngazi iliyo mbele ya miguu yako. Mdomo uliofungwa hupendeza kwenye picha, lakini aliye ndani anaivuta tena pumzi yake mwenyewe. Mimi siukubali kwa anayeanza.

SWALI: Naweza kujipulizia kichwani lile povu la kopo la kuzibia madirisha, liumuke kwa umbo langu?

JIBU: HAPANA. Povu hilo lina kemikali zinazodhuru mapafu, hutoa joto likiumuka, na halibanduki kwenye nywele wala ngozi. Nimeshalijibu mara nyingi. Tafadhali lisirudi.

SWALI: Yale macho yanayomfuata mtu kila anakokwenda yana mota?

JIBU: Hayana. Nyeupe ya jicho iko mbele, mboni imechorwa kwa rangi ya akriliki kwenye wavu uliorudishwa nyuma, ndani ya shimo. Mtazamaji akienda pembeni, ukingo wa shimo unaficha upande mmoja wa mboni, naye anaona jicho limegeuka. Paka rangi nyembamba. Ukiziba matundu ya wavu umejipofusha. Na ingawa kasuku halisi ana macho ubavuni, wa katuni mlete macho mbele, la sivyo hutaona na sura yake haitasomeka.

SWALI: Naishi Columbus, Ohio. Bustanini naokota manyoya mazuri ya ndege wa porini. Naweza kuyabandika?

JIBU: Yaache pale pale. Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wahamao inakataza kumiliki manyoya ya ndege wengi wa porini wa huko, hata uliyoyaokota chini. Ya kuku, bata mzinga na mbuni yaliyotiwa rangi yanauzwa madukani kihalali, lakini hayapendi kufuliwa. Kata flisi umbo la unyoya, anza kupanga kisogoni, uje mbele, kila safu ikifunika mizizi ya iliyotangulia.

SWALI: Kingo za kitambaa changu cha manyoya zimekatika vibaya.

JIBU: Umetumia mkasi. Geuza kitambaa, kata mgongo wake tu kwa wembe.

SWALI: Mwanangu wa miaka 15 anatengeneza kichwa cha bundi. Naogopa atakosa hewa. Nimzuie?

JIBU: Shikamoo mama. Usimzuie, kaa naye. Gundi ya fundi viatu aipakie nje, mvuke wake ni sumu. Bunduki ya gundi iwe ya joto la chini. Ya joto la juu hukaribia nyuzi 190 na huchuna ngozi. Kichwa kikiisha akivae kwanza nyumbani, feni ikiwaka, mtu akiwa karibu. Ndani kinafaa kifeni kidogo cha pawabenki, kinachovuta hewa kutoka mdomoni. Kwenye makusanyiko makubwa ya wapenzi wa fasuti, kama Anthrocon ya Pittsburgh, Marekani, inayofanyika majira ya joto, huwekwa chumba maalumu cha kuvua vichwa, chenye feni na maji. Wazoefu wanakitumia bila haya. Kwa hiyo mwanao akisikia kizunguzungu au kichefuchefu, avue hapo hapo, hata kama watu wanapiga picha. Asitoke bila msindikizaji, kwa kuwa ubavuni haoni kitu. Na asikiache kichwa ndani ya gari juani. Gundi ya moto italegea.

SWALI: Nikikifua, nikitie kwenye mashine ya kukaushia?

JIBU: La. Manyoya ya akriliki yakipata joto husokotana na hayanyooki tena. Kikamue kwa taulo, kielekezee feni usiku kucha, mdomo ukiwa wazi.