Chumvi ya mawe, madini joto na maji machungu: jibu kutoka mashamba ya chumvi ya Lindi

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo matatu: kama mama yako aliyeko Njombe amefanya vyema kuacha chumvi ya pakiti na kutumia chumvi ya mawe ya pwani kwa kuwa "ni ya asili na haina kemikali", kwa nini chumvi hiyo hulowa hata ikiwekwa mbali na maji, na kama shamba la chumvi ambalo jamaa zako wanataka kulifungua kando ya mkono wa bahari litaharibu mikoko. Nimefanya kazi katika mashamba ya chumvi mkoani Lindi kwa miaka mingi, kwanza nikivuna na baadaye nikisimamia maji, na kwa ninavyoona maswali yote matatu yana jibu linaloanzia mahali pamoja, yaani kwenye maji yanayobaki jarubani (kidimbwi cha kina kifupi cha kukaushia maji ya bahari) baada ya chumvi kuganda.

Chumvi ya kula ni sodiamu iliyoungana na klorini. Kwa uzito, sodiamu ni karibu asilimia 39 na klorini karibu asilimia 61. Sodiamu ikiwa peke yake ni metali laini inayolipuka ikitiwa majini, na klorini ikiwa peke yake ni gesi ya sumu, lakini zikishaungana hupatikana kitu kingine kabisa ambacho mwili hauwezi kuishi bila nacho. Chumvi ya mawe na chumvi ya unga ni kemikali hiyohiyo moja. Zinatofautiana kwa ukubwa wa chembe, kwa kile kilichoongezwa, na kwa uchafu uliobaki ndani yake.

Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi za kila aina, na katika hizo chumvi ya kula ni kama gramu 27. Zilizobaki ni za magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na nyinginezo. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, tunafungua mlango, bwawa kubwa linajaa, kisha maji hupitishwa jaruba baada ya jaruba huku jua na upepo vikiyapunguza. Kwanza hutengana chokaa, kisha jasi, ambayo hufanya ukoko mgumu chini ya jaruba wenye ncha zinazochoma nyayo. Jasi hiyo inapaswa kuishia katika majaruba ya mwanzo. Maji yakibaki kama sehemu moja ya kumi ya yale yaliyoingia, kipimo cha kioo kinachoelea huonyesha digrii 25 na ushei za Baumé (kipimo cha ukolevu wa maji ya chumvi), na hapo chumvi yenyewe huanza kujitokeza. Mchana wa jua kali, upepo ukitulia, utaona juu ya maji vipande vyembamba vya pembe nne vikielea, kila kimoja kikikua kwa kingo zake hadi uzito unakizidi na kinazama. Na maji yenyewe mara nyingi hugeuka rangi ya waridi kwa sababu ya viumbe wadogo mno wanaostahimili chumvi kali.

Chumvi ikiendelea kuganda, yale maji yaliyobaki hukolea magnesiamu, nayo huwa mazito, yenye kuteleza kidogo ukiyasugua vidoleni, na machungu mno ulimini. Kipimo kikikaribia digrii 29 au 30, maji hayo yanapaswa kutolewa. Mwenye shamba asiye na subira ya kuanza upya, au anayetaka kuongeza uzito wa magunia, huyaacha hadi yakauke pamoja na chumvi. Hapo ndipo chumvi ya mama yako inapopata tabia ya kulowa, maana kloridi ya magnesiamu hunyonya unyevu wa hewani, na gunia lililokuwa kavu wakati wa kiangazi huanza kuchuruzika masika yakiingia. Chumvi njema huoshwa kabla ya kuanikwa, na huoshwa kwa maji ya chumvi yaliyokwisha kushiba. Gramu 100 za maji hushika gramu 36 hivi za chumvi, na yakishafika hapo hayawezi tena kuyeyusha chumvi mpya, ila magnesiamu bado huyeyuka na kuondoka nayo. Nimewahi kuona watu wakiosha kwa maji ya kisima, wakapoteza sehemu kubwa ya mavuno mbele ya macho yao.

Sasa nije kwenye madini joto, yaani iodini, maana hapa ndipo ninapokuomba uzungumze na mama bila kuchelewa. Wengi wanaamini kwamba chumvi ya bahari ina madini joto yake ya asili kwa kuwa mwani na samaki wanayo. Ukweli ni kwamba lita nzima ya maji ya bahari ina takriban mikrogramu 60 tu za iodini, na kiasi kinachoganda pamoja na chumvi ni kidogo mno. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250. Sisi wa pwani tunaokula samaki mara kwa mara tunapata msaada huko, lakini katika Nyanda za Juu Kusini, aliko mama yako, mvua za karne nyingi zimeyaosha madini haya kutoka ardhini, ndiyo maana rovu, yaani uvimbe wa shingo, lilikuwa jambo la kawaida huko kabla Tanzania haijaanza, katika miaka ya 1990, kutia madini joto kwenye chumvi. Rovu huonekana kwa macho. Madhara makubwa zaidi ni ya mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake haukui ipasavyo mama akikosa madini hayo. Kama katika nyumba ya mama yako yupo binti mjamzito au anayetarajia kuzaa, jambo hili si la kusubiri.

Kinachoongezwa ni iodeti ya potasiamu, na kiasi chake ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: kufikia miligramu 40 za iodini kwa kila kilo, tani nzima ya chumvi hunyunyiziwa gramu 67 hivi. Ila madini hayo hupotea haraka katika chumvi yenye unyevu, na chumvi iliyoachiwa maji machungu ina unyevu daima. Kwa hiyo mama achague chumvi kavu iliyoandikwa kuwa ina madini joto, aiweke kwenye chombo chenye kifuniko mbali na jua, na aitie mwishoni mwa kupika.

Kuhusu wingi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kidogo cha chai, na ndani yake ihesabiwe chumvi ya mkate, ya vidonge vya mchuzi na ya papa mkavu. Sodiamu ikizidi mwilini huvuta maji, ujazo wa damu huongezeka, shinikizo hupanda, na moyo, figo na ubongo hulipa. Chumvi ya mawe haimpunguzii mtu hatari hiyo hata kidogo. Kiasi hicho cha gramu 5, chumvi ikiwa na miligramu 30 za iodini kwa kilo, kinatosha mikrogramu 150 za siku, hivyo hakuna sababu ya kuongeza chumvi kwa ajili ya kutafuta madini joto. Na mgonjwa wa figo asiguse zile chumvi mbadala za potasiamu bila kumwuliza daktari.

Kuhusu shamba la jamaa zako, mimi sipingi kilimo cha chumvi, kwa kuwa klorini ya kutibu maji, kostiki soda ya kutengenezea sabuni, maji ya dripu hospitalini na ng'onda wa sokoni vyote vinaitegemea. Ninachopinga ni mahali na namna. Nyuma ya mikoko huwa na uwanda mtupu ambao bahari huufikia wakati wa bamvua tu na ambao kwa chumvi yake hauoti karibu chochote. Hapo ndipo pa kuchimba majaruba, bila kukata mkoko wala mchu hata mmoja. Waangalie pia tuta lao lisizibe vijito, kwa sababu mikoko iliyoachwa imesimama lakini ikanyimwa maji kujaa na kupwa hufa polepole. Visima navyo viko hatarini, maana maji ya chumvi hupenya mchangani. Malalamiko ya namna hiyo, pamoja na ya ardhi, yaliifanya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya kufanya uchunguzi wa hadhara huko Magarini, karibu na Malindi, na kutoa ripoti mwaka 2006. Wasichemshe kwa kuni, kwani kilo moja ya chumvi hutoka katika lita zinazokaribia 40 za maji ya bahari, na kuzikausha zote kwa moto ni kumaliza msitu.

Yale maji machungu wasiyamwage kwenye kijito wakati maji yamekupwa. Ni mazito, hulala chini bila kuchanganyika, na kaa na samaki wadogo walioko humo hufa. Wayaweke katika bwawa lake, kisha wayatoe kidogo kidogo siku za bamvua, maji yanapoanza kutoka, ili mkondo uyachanganye na kuyapeleka mbali. Bwawa hilo lionekane kwenye mchoro wao tangu mwanzo, kabla hawajaomba kibali cha mazingira, kwa sababu nimeona mashamba kadhaa yaliyoliacha kwa baadaye, na nafasi yake ikageuzwa jaruba jingine la mavuno.